Kaka anakwenda kulinda amani nje ya nchi kwa mwaka mzima. Sisi ndugu tunaobaki tujipangeje?

Sikitu

Wakuu, habari za saa hizi.

Kaka yangu ninayemfuata ni askari na jina lake limetoka. Anaondoka wiki chache zijazo na kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, muda aliotajiwa ni miezi 12. Ana mke na watoto wawili. Mama yetu yupo, ana presha. Halafu kuna mdogo wetu wa miaka 14 ambaye tangu asikie habari hizi anashinda kwenye simu akitafuta video za mapigano.

Sihitaji pole, nahitaji mambo ya kufanya. Tukamilishe nini kabla hajaondoka? Akikaa kimya siku kadhaa tufanyeje? Mabaya ya nyumbani tumwambie au tumfiche? Na mimi mwenyewe nijibebe vipi? Kila mtu anamuuliza mama na wifi wanaendeleaje, dada mtu nimekuwa wa kupokea simu tu.

---

Mzee wa Ghala

Dada Sikitu, anza na karatasi, na uanze wiki hii. Siku kumi za mwisho askari hapatikani tena: yuko kwenye chanjo, kupokea vifaa na kukaguliwa.

Jambo ambalo ndugu wengi hawalijui ni kwamba kwa jeshi wewe hupo. Taarifa rasmi zinakwenda kwa aliyeandikwa kwenye fomu ya jamaa wa karibu, na kwa mwenye ndoa huyo kwa kawaida ni mke. Asipopatikana, ndipo wanatafuta jina la pili. Mwambie kaka aifungue fomu hiyo na kuisoma, asiseme "nakumbuka niliandika". Nyingi zilijazwa siku ya kuajiriwa, mtu akiwa bado kapera, zina namba ya simu iliyokwisha kufa na nyumba waliyohama zamani. Wewe uwe jina la pili, liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi.

Fomu hiyo msiichanganye na ya wanufaika. Moja inaeleza nani apewe habari, nyingine inaeleza nani alipwe. Ndugu akiona jina lake kwenye ile ya kwanza anajihesabu yumo na kwenye ya pili, na hapo ndipo familia zinapofikishana mahakamani. Ya wanufaika muachie kaka na mkewe.

Hati ya uwakilishi, yaani ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yake: kama kuna kitu lazima kifanyike yeye hayupo (kesi ya kiwanja, kusajili gari, kuchukua cheti), aandike hati ya jambo hilo mahususi, si hati ya "mambo yangu yote". Ithibitishwe na wakili, na tarehe ya mwisho ipite tarehe ya kurudi kwa miezi mitatu hivi, maana muda wa misheni huongezwa. Benki muiulize mapema, nyingi zinataka fomu yao wenyewe na saini itiwe mbele ya ofisa wao. Na mjue kwamba hati ya uwakilishi inakufa siku aliyeitoa anapokufa. Haichukui nafasi ya wosia.

Kisha karatasi moja ya kuandikwa kwa kalamu: jina kamili kama lilivyo jeshini, namba yake ya jeshi, cheo, kikosi cha nyumbani, jina la misheni, na simu ya ofisi ya kikosi inayoshughulikia familia. Nakala tatu: wifi yako, mama, wewe. Msiirushe kwenye kundi la ukoo.

La pesa nalo liwekwe wazi mapema. Umoja wa Mataifa haumlipi askari wa kikosi mshahara. Unairudishia serikali yake kwa kichwa, kwa kiwango kinachopitishwa na Baraza Kuu (kuanzia Julai 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi), na serikali ndiyo inayomlipa askari kwa utaratibu wake. Sasa mjomba anaikuta namba hiyo mtandaoni, anaizidisha kwa 12, anaanza kuuliza kaka anaficha nini. Malipo ya nje pia huchelewa. Wifi yako apange bajeti ya miezi mitatu ya kwanza kana kwamba posho hiyo haipo.

---

kitovu

Nijazie kwenye kimya, maana ndicho kitakachowasumbua kuliko hatari yenyewe.

Kimya kina sababu nyingi za kawaida: doria ya siku nne ambayo simu zinaachwa kambini, jenereta, dhoruba, mtambo wa setilaiti unaogawanywa kwa watu mia kadhaa jioni moja. Tiki moja ya WhatsApp maana yake simu yake haijapata mtandao, basi. Mkianza kuhesabu "mara ya mwisho kuonekana" mtaugua.

Ipo sababu moja ambayo ni vizuri kuijua mapema. Askari akiuawa au kujeruhiwa vibaya, makamanda wengi hufunga mawasiliano ya kambi nzima mpaka familia yake ipewe habari, ili mke asije akaisoma kwenye simu. Kwa hiyo siku ya tukio baya, familia zote zinakatikiwa kwa pamoja, na kaka yako mzima kabisa hatapatikana. Kimya cha siku hiyo hakisemi lolote juu yake yeye.

Kabla hajaondoka kubalianeni mambo haya:

Idadi ya siku za kimya kabla ya mtu kupiga simu kikosini. Kaka ndiye ataje, akishajua kazi yake. Wengi wanasema siku saba hadi kumi. Kabla ya hapo hakuna kupiga.

Nani anapiga. Mtu mmoja tu, wifi yako au wewe. Simu sita za ukoo mmoja asubuhi moja zinamfanya karani aache kupokea.

Saa. Andikeni kwa mtindo wa saa 24. Ukimwandikia "saa mbili" mtu anayeishi kwa saa za kijeshi, hajui ni 08:00 au 20:00, na wao wengi wanapangiana kwa Zulu, yaani saa ya kimataifa ya UTC. Kama mmoja wenu yuko nchi inayosogeza saa mbele na nyuma kwa msimu, tofauti yenu itabadilika katikati ya misheni.

Msipange siku maalumu ya kupiga. Najua wengine watanipinga, lakini "kila Jumapili 20:00" ni mtego: Jumapili ya kwanza itakayokosekana mama hatalala. Bora "nitapiga nikipata, kati ya Ijumaa na Jumanne".

Simu ya setilaiti mara nyingi ina ucheleweshaji, kwa mitambo mingi sauti inapanda karibu kilomita 36,000 na kushuka. Unasema, kimya, unarudia, na jibu lake linagongana na swali lako la pili. Maliza sentensi, subiri sekunde moja nzima. Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja, faili kubwa haliondoki. Maandishi hupita hata pale sauti inapokwama.

Siku habari ya shambulio ikitoka: taarifa za saa za mwanzo hukosea idadi, hukosea kikosi, hata uraia. Msemaji wa Umoja wa Mataifa New York huongea na waandishi mchana, siku za kazi. Tukio linaweza kutajwa hapo, majina hayatajwi mpaka familia zijue. Majeshi mengi hupeleka habari ya kifo nyumbani kwa miguu, na maofisa. Orodha ya majina inayozunguka WhatsApp usiisambaze hata kwa kuuliza "hii ni kweli?". Utakuwa umempelekea mama wa mtu.

---

nesi_wa_zamu

Kwenye kumficha mabaya ya nyumbani, kigezo changu ni kimoja: je, atapata habari hii kwa njia nyingine? Msiba hauzuiliki. Binamu ataandika "pumzika kwa amani" kwenye Facebook kabla ya maiti kufika mochwari, na kaka ataisoma peke yake saa nane usiku, silaha iko kando. Kwa hiyo kifo au ugonjwa mzito apewe, apewe na mtu mmoja, apewe mapema. Njia nzuri ni kupitia kikosi, ili mkuu wake au kiongozi wa dini aliye kambini awe naye anapoambiwa.

Mambo madogo ni tofauti. Paa linavuja, mtoto kashika nafasi ya 30, wifi kagombana na mawifi: mwambie yakishatatuliwa, au usimwambie. Hana la kufanya akiwa kule, atabaki kulizungusha kichwani akiwa lindo.

Mama akizidiwa, jeshi haliendi kwa simu ya ndugu anayelia. Linataka barua ya hospitali: jina la mgonjwa na uhusiano wake na askari, hali yake, kama maisha yako hatarini, jina na simu ya daktari. Barua hiyo inakwenda kikosi cha nyumbani, wanaithibitisha, ndipo inapelekwa misheni. Hata ruhusa ikitoka leo, kutoka kambi ya ndani mpaka uwanja wa ndege kunaweza kula siku kadhaa, kwa hiyo suala la mazishi kumsubiri au kutomsubiri mlizungumze naye sasa, akiwa nyumbani. Linauma, lakini familia nyingi zimechanika kwa kukisia alichotaka. (Mtasoma mtandaoni kwamba Msalaba Mwekundu hupeleka ujumbe wa dharura na askari anarudi. Huo ni utaratibu wa Msalaba Mwekundu wa Marekani kwa wanajeshi wa Marekani. Msiutegemee kabla ya kuuliza kwenu.)

Presha ya mama: apimwe nyumbani mara mbili kwa siku kwa wiki nzima kabla kaka hajaondoka, mkono uleule, akiwa amekaa dakika tano, muandike. Hapo mtakuwa na kipimo cha kulinganisha. Bila hicho, kila kichwa kikiuma mtasema ni mawazo ya mwanawe, au kinyume chake mtapuuza kitu cha kweli. Dawa za mwezi ujao ziwe ndani kabla za mwezi huu hazijaisha. Juma la kuondoka ndilo watu husahau kumeza.

Sasa wewe. Ndugu huachwa katikati: humlilii mama kwa sababu ana presha, humlilii wifi kwa sababu yeye ndiye mke. Tafuta mtu mmoja nje ya familia. Pangieni zamu za kupokea simu za mama za usiku, wewe na ndugu mwingine, usiku kwa usiku, na asiye zamu azime simu. Wiki tano au sita za mwanzo kichwa hakitulii, ukisahau ufunguo na kulipuka kwa vitu vidogo usishangae. Lakini kukosa usingizi au hamu ya kula au uwezo wa kufanya kazi karibu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, hapo nenda kwa daktari, usingoje misheni iishe.

---

Sikitu

Asanteni sana. Fomu nimemuuliza jioni hii: jina la kwanza ni baba, ambaye ni marehemu. Anakwenda kubadilisha.

Kitovu, hiyo ya kutopanga siku nitamwachia wifi aamue. Bado nina mambo mawili: vifurushi, na huyu mdogo wetu na video zake. Tukimnyang'anya simu anakwenda kuangalia kwa rafiki.

---

Chumvi Kidogo

Msimnyang'anye. Mpeni kazi. Kijana wa miaka 14 anatafuta video kwa sababu hakuna anayemweleza chochote, anajaza pengo mwenyewe. Kaka akae naye nusu saa, amwonyeshe ramani ya nchi (si mahali pa kambi), amweleze siku yake itakuwaje: lindo, doria, kufua, kupika, kusubiri. Sehemu kubwa ya kulinda amani ni kusubiri. Kisha akabidhiwe jukumu moja la kweli, mfano barua za familia. Barua zipewe namba, 1, 2, 3, juu ya bahasha na ndani, kwa sababu zinafika zimeruka: ya tatu kabla ya ya kwanza, na mtu anasoma "mama amepona" kabla hajajua aliugua. Kwenye simu yake, zimeni arifa za habari na mfute historia ya utafutaji ya programu za video, la sivyo mtambo utaendelea kumletea zilezile hata asipotafuta.

Na yeye ndiye wa kuelezwa kwa makini kuhusu kuposti. Tarehe ya kuondoka, namba ya ndege, jina la kambi, "kaka anarudi Jumanne": hakuna hata kimoja. Picha iliyopigwa na simu inaweza kubeba mahali ilipopigwa ndani ya faili lake, kwa hiyo zima kipengele cha mahali kwenye kamera. Programu za mazoezi hali kadhalika. Januari 2018 watu waligundua kwamba ramani ya Strava ilikuwa imechora kambi za kijeshi kwa njia za askari waliokuwa wakikimbia mazoezi. Hakuna aliyevujisha siri, walikuwa wanahesabu kilomita.

Vifurushi. Usitume chochote kabla kaka hajafika na kukuletea anwani na masharti ya misheni yake, kwa sababu njia zinatofautiana: kuna kikosi kinachopokea kwa ndege ya kupeleka askari wa zamu mpya tu, yaani mara mbili kwa mwaka.

Sanduku liwe dogo na zito kiasi, si kubwa lenye nafasi. Nafasi ndiyo inayolivunja, kona zinaporomoka likipangiwa mizigo juu. Jaza mianya kwa soksi na fulana. Kila kitu cha maji (shampuu, mafuta, mchuzi wa chupa) kaza kifuniko, zungushia utepe, tia kwenye mfuko wake wa plastiki wa kufunga. Sabuni isikae na chakula, wiki tatu kwenye joto biskuti zote zitanukia sabuni. Chokoleti itayeyuka. Usitie pafyumu ya kupuliza, kiberiti wala pawabenki: betri za lithiamu zilizo peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu 2016, na sanduku zima hurudishwa au kuharibiwa kwa ajili ya hiyo moja. Pombe, nyama na majarida ya picha za utupu hutegemea sheria ya nchi aliyopo, si ya kwenu.

Fomu ya forodha (CN22 kwa kifurushi kidogo, CN23 kwa kikubwa) iandikwe vitu kwa majina: "soksi jozi 4, biskuti pakiti 6". Ukiandika "zawadi" watalifungua. Ndani, juu ya kila kitu, weka karatasi yenye anwani zote mbili. Ya nje ikichubuka ndiyo itakayoliokoa.

Halafu matapeli. Familia ya askari aliye nje ni windo. Ujumbe utakuja kwa namba ngeni yenye picha ya kaka: simu imeharibika, anahitaji pesa ya kibali cha likizo, au ya matibabu, au kuna sanduku la dola la kukomboa bandarini. Hakuna jeshi linalomtoza ndugu likizo, chakula wala hospitali. Wekeni swali la siri ambalo jibu lake halipo popote mtandaoni. Jina la shule na la mbwa yapo Facebook, tafuteni jingine. Sauti siku hizi huigizwa na kompyuta, kwa hiyo kuisikia sauti yake si uthibitisho, swali liulizwe hata hivyo. Na ile namba ya uthibitisho ya WhatsApp, ya tarakimu 6, hapewi mtu, hata anayejiita kaka.

---

Mzee wa Ghala

Chumvi kamaliza. Kwenye likizo tu: misheni nyingi zina mapumziko ya katikati. Kabla ya kununua tiketi yoyote isiyorudishwa hela, subiri awe amefika mji wenye uwanja wa ndege, siyo awe ameambiwa.

---

Sikitu

Na siku ya kurudi? Mama ameshaanza kutaja mbuzi.

---

nesi_wa_zamu

Mbuzi angoje wiki mbili. Kurudi si siku moja: kuna ndege iliyosogezwa, kurudisha silaha, vipimo vya afya, mahojiano. Akitoka hapo anataka kulala na wanawe. Mpeni siku nne tano za mke na watoto, wageni baadaye, wachache wachache, chumba chenye mlango anaouona. Wifi yako ameendesha nyumba mwaka mzima, na kaka atataka kushika usukani siku ya pili. Huo ugomvi mtausikia, msiuingilie.

Kushtuka kwa sauti, kulala vibaya, kukaa kimya: wiki chache za mwanzo ni kawaida. Zikizidi mwezi, au pombe ikipanda, au akianza kusema mngekuwa salama bila yeye, apelekwe kwa daktari. Hilo la mwisho halisubiri mwezi, ni siku hiyohiyo, na silaha yoyote itoke nyumbani.

Na kitu kidogo ambacho kimeua watu wazima wenye afya: malaria. Kama alikuwa anameza kinga, haiishii uwanja wa ndege. Doxycycline na mefloquine huendelea wiki 4 baada ya kutoka eneo lenye malaria, atovaquone-proguanil siku 7. Wengi huacha siku ya kwanza nyumbani. Akipata homa wakati wowote ndani ya mwaka mmoja, jambo la kwanza kumwambia daktari ni nchi aliyotoka, kabla hata ya kutaja homa ilianza lini, na kipimo cha malaria kifanyike siku hiyo.

---

kitovu

Na vile vidonge mhesabu wewe au wifi, sio yeye. Atakwambia amemeza.